Paipu Tatu Alizoruka Njugu

Jumatatu, 13 Januari

Nimepoteza paipu tatu, kati ya Jumamosi jioni na leo asubuhi. Zilikuwa sita. Nusu inchi, mita moja kila moja. Ndizo vizuizi vya mbwa wangu Njugu vya kuruka. Saa kumi na mbili nilikuwa uani nyuma ya duka kama kawaida, kabla mchanga haujaanza kuchoma. Nikapanga matofali, nikahesabu paipu. Tatu.

Tumefanya na hizo hizo. Sentimita kumi, kumi, kumi na tano. Njugu mwenyewe ana thelathini na moja toka chini hadi begani. Wairimu, mwalimu wa Nairobi anayetufundisha mbio za vizuizi kwa video za simu, anasema mbwa mdogo asiharakishwe. Wiki tatu nzima paipu ilikuwa imelala chini, Njugu anaivuka kama bibi anayevuka dimbwi. Leo kumi na tano, mara nane kati ya kumi. Zile mbili aliiangusha, akaidaka mwisho kwa meno, akaniletea huku mkia unapepea. Wairimu haitaki tabia hiyo. Mimi hunichekesha.

Handaki la pipa bado anaogopa. Anaingiza kichwa, anarudi.

Jumanne, 14 Januari

Nimejua paipu ziko wapi. Afadhali nisingejua.

Habiba, anayeuza dukani kwangu mwaka wa nne sasa, alizitoa kwenye rafu ya vipande vya kuuza. Nani aliziweka kwenye rafu? Mimi. Jumamosi tulipokea matangi, nikachoka, nikazisukuma pale badala ya kuzificha nyuma ya pipa. Siwezi kumlaumu mtu. Hilo ndilo linaniudhi zaidi.

"Fundi wa Haji alichukua tatu juzi jioni, abaayo. Kwake bomba imebasuka." Abaayo ni dada kwa Kisomali chake, na p yake huwa b.

Haji Adan. Mwenye kiwanja hiki, duka hili na ua huu.

Miaka miwili iliyopita mwalimu jirani alihamishwa, akaniachia Njugu. Nilikwenda kwa Haji kuomba. Alifikiri, akakubali kwa masharti matatu: mbwa asionekane mbele ya duka, asikaribie birika za kutawadhia, asiguse kitu kitakachoingia nyumba ya mtu. Mtaa huu mate ya mbwa ni najisi. Chombo kikiguswa kinaoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Mimi si wa dini yao lakini nina miaka kumi na tisa Garissa. Nilikuja nimebeba sanduku la vifaa la fundi mwingine, leo watu wananiita Mama Mabomba. Sikufika hapa kwa kudharau mambo ya watu.

Paipu zilizobaki nimezikagua. Moja ina alama za meno. Mbili safi. Zile tatu sijui.

Jumatano, 15 Januari

Nimekwenda kwa Haji, kisingizio kukagua presha ya maji. Fundi wake amemaliza. Paipu zimo ukutani, gundi imeshika, simenti imekauka. Zinapeleka maji kwenye ule mfereji wa uani anapotawadha.

Miisho ndipo Njugu huuma. Miisho ndiyo iliyo ndani ya viungio.

Nyumba ya watu saba. Swala tano. Kutawadha mara thelathini na tano kwa siku. Tangu Jumatatu mchana mpaka sasa, karibu themanini.

Hakuna anayejua ila mimi. Nimekunywa chai yao nikaondoka.

Ijumaa, 17 Januari

Nimesema.

Nilimngoja Haji atoke msikitini. Alikuwa kibarazani, kofia bado kichwani, akaniagizia chai ya maziwa ya ngamia. Nikaeleza yote, rafu, paipu, meno, na kwamba huenda zile tatu hazikuguswa kabisa. Hakuinua sauti. Aliuliza jambo moja.

"Wewe, Mama Mwende, ulijua lini?"

"Jumanne, Haji."

"Leo ni Ijumaa."

Basi. Alizungusha kikombe chake mezani. Kisha akasema ua ukae kwanza, mbwa asikimbizwe pale, tutaongea bolebole, inshallah.

Nimekasirika. Ningeweza kunyamaza na kuta zingenyamaza pia. Anayesema ndiye anayefungiwa ua.

Lakini siku tatu ni siku tatu. Hesabu hiyo ni yangu, si yake.

Jumapili, 19 Januari

Haji aliruhusu nirekebishe. Nimebomoa ukuta kwa mkono wangu, nikatoa zile tatu na viungio vyake, nikaweka paipu mpya ya mita tatu isiyo na kiungio katikati. Nimepiga lipu. Kisha mfereji na ndoo zake nikaviosha, mara ya kwanza kwa mchanga. Habiba alikuja kusimamia, kiti chini ya kivuli, anahesabu kwa sauti.

"Tano."

"Nne, Habiba."

"Tano, abaayo! Wewe ndiyo bingwa wa hesabu leo umebotea? Haya, osha nane, hakuna hasara."

Wake wa nyumba walicheka nyuma ya pazia. Nami nikacheka. Nilidhani yameisha.

Nilizikagua zile paipu nilizozitoa. Mbili hazina alama. Ya tatu ina mikwaruzo, lakini inaweza kuwa ya msumeno. Nimeziangalia sana. Sijui.

Haji hakutoka ndani.

Jumatano, 22 Januari

Ua bado. Siku ya tano bila kuruka.

Nimempeleka Njugu uwanda ulio nyuma ya soko la mifugo, kabla jua halijakolea. Nilibeba matofali sita kwa toroli na zile paipu tatu zilizobaki, ambazo sasa ni za mbwa tu, nimezipaka rangi nyekundu zisichanganyike tena. Kosa. Hapo ni njia ya mbuzi. Mchungaji mmoja alisimama kwa fimbo mabegani, akatazama raundi mbili nzima.

"Mama, hiyo unafundisha nini?"

"Kuruka."

"Mbuzi yangu inaruka na haijasoma."

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama Njugu ni mbwa au ni panya aliyenenepa. Njugu masikini alikuwa amejibanza kati ya miguu yangu. Tofali moja likaangukia paipu, sauti ikamshtua, akakimbilia vichaka vya mathenge, ile miti ya miiba. Nilimkuta ameinua mguu. Mwiba wa sentimita mbili, umeingia nusu.

Nimemrudisha ndani ya toroli juu ya matofali. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Jumapili, 26 Januari

Wairimu ametuma ujumbe. Mashindano ya wanaoanza ni Jumamosi, 15 Februari. Vizuizi vitano vya kuruka, handaki, ubao wa kupanda na kushuka. Kwa mbwa wa ukubwa wake paipu itakuwa sentimita ishirini tu. Majina yanafungwa Ijumaa hii, saa sita mchana. Anasema Njugu ana moyo, kinachokosekana ni marudio.

Marudio. Siku ishirini zimebaki. Ningekuwa na ua, asubuhi na jioni, ni vipindi arobaini. Bila ua ni sifuri.

Nimejaribu stoo. Kati ya rafu na rafu ni mita moja na robo. Hapati hatua za kuanzia. Nimeweka paipu sentimita tano, akaizunguka. Nikairudisha chini kabisa kama Novemba, akailalia. Nilimwekea nyirinyiri, vile vipande vya nyama kavu anavyovipenda, upande wa pili. Alinitazama mimi, si nyama.

Sijui kumweleza. Fundi anaweza kubomoa ukuta na kuujenga upya siku moja. Hili siwezi kulifungua kwa spana yoyote niliyonayo.

Jumanne, 28 Januari

Haji amekuja dukani. Amesalimia kwa utaratibu wote: mimi, mwanangu Mwende chuoni, mama yangu Kitui, mvua ya Kitui, mbuzi za Kitui. Akasema maji kwake yanatoka vizuri kuliko zamani. Akanunua washa mbili, zile pete za koki.

Nikamuuliza kuhusu ua.

"Inshallah, Mama Mwende."

Akatoka. Nikamgeukia Habiba, nikamwambia anieleze maana yake, kwani mimi najua kuhesabu tu.

Anasema Haji hana hasira tena. Ila ndugu zake wamesikia, wanamuuliza ilikuwaje akampa mbwa nafasi. Akikubali leo, atakuwa amewadharau. Akikataa, atakuwa amemwadhibu mtu aliyekiri mwenyewe. Kwa hiyo anangoja watu wapate habari nyingine ya kuongea.

"Mtu wa huku akinyamaza, abaayo, hajakataa."

"Wala hajakubali."

"Wala hajakubali," akasema, akaendelea kupanga koki.

Ni heshima, naelewa. Angekuwa mtu mbaya angenifukuza siku ile ile. Lakini heshima yake haina tarehe, na orodha ya Wairimu inayo.

Alhamisi, 30 Januari

Joto. Wateja wachache. Mguu wa Njugu umepona. Amelala stoo, tumbo juu ya sakafu ya simenti, pua mlangoni.

Nimetembea uani peke yangu. Hatua ishirini na mbili kwa kumi na nne. Mchanga umefuta alama zote za miguu yake. Nilisimama kidogo nikafunga mlango wa ua.

Sina la kufanya ambalo sijafanya. Nimekaa nikaandika barua, nimeifuta mara mbili, hii ya tatu nimeiacha hivi, na Habiba ataipeleka akienda nyumbani:

Haji, salaam aleikum. Nilikosa. Nilichelewa kusema, hilo nakubali. Nilisema, nikabomoa, nikaosha. Sikuombi uwaeleze ndugu zako, wala sikuombi unisifu. Ukisema hapana, nitampeleka mbwa Kitui kwa mama na sitakununia. Ukisema ndiyo, masharti yako matatu yanabaki na la nne nitaongeza mwenyewe: hakuna kitu cha mbwa kitakachoingia dukani. Ila usininyamazie tena. Kesho Ijumaa, kabla ya saa sita mchana, nijibu kwa neno moja: ua, ndiyo au hapana?