Mwalimu Asiyelowa

Jumatatu, 3 Februari

Leo mimi ni bosi! Kocha amenivisha filimbi yake kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya wanachuo wa ufundi, tumbo limemtangulia kama ameficha mpira wa kikapu ndani ya fulana. Anaanza likizo ya uzazi. Muhula huu ukumbi wa michezo ni wangu — viungo asubuhi, wavu mchana, tenisi ya meza, na bwawa. Mimi niliyeishia kidato cha pili! Jana kazi yangu ilikuwa kujaza mipira upepo. Leo mafundi umeme na washonaji wa chuo kizima wananiita Ticha. Na wataniita sana.

Tatizo moja dogo. Sijui kuogelea.

Sisemi sijui vizuri. Sijui kabisa. Sijawahi kuingia kwenye maji yanayozidi ndoo. Siku ile Kocha aliponiuliza, nilimwambia mimi ni samaki. Hakuuliza samaki gani. Hata dagaa mkavu ni samaki.

Jioni nimempa habari Bibi aliyenilea, na bwawa nikalitaja kwa mbwembwe. Akasema hongera, mume wangu. Kisha akaosha sahani ile ile mara mbili.

Jumatano, 5 Februari

Nimefundisha kuogelea bila kulowa hata ukucha! Siri ni hii. Kocha mwenyewe hufundisha akiwa ukingoni, ameshika ufito mrefu wenye kitanzi nchani. Anayetapatapa anadaka kitanzi, anavutwa. Na mimi nimepiga deki pale miaka miwili nikimsikiliza. Maneno yote ninayo kichwani. Legeza shingo! Kitovu kitazame dari! Puliza mapovu kama unapoza chai! Hiyo ya chai ni yangu, Kocha hana.

Darasa ni la wanaoanza, na chuo kinapokea hata watu wa mtaani. Yupo Mpishi, anasomea upishi, mwili kama kabati la milango mitatu — aliikumbatia ngazi kama mama yake. Yupo Msusi, anataka aogelee ila nywele zisijue. Nikamwambia kwa msuko huo hahitaji boya. Akanirushia maji. Niliruka nyuma mpaka nikagonga ukuta. Wakacheka, wakadhani ni vituko vyangu.

Upande wetu maji yanafika kifuani tu. Kila mtu anasema hivyo — kifuani tu, kifuani tu. Moyo uko wapi kama si kifuani?

Jumamosi, 8 Februari

Balaa! Nimefika bwawani nakuta mwanafunzi mpya kwenye benchi, mkoba magotini, kofia ya plastiki kichwani. Bibi yangu! Bibi mzaa baba, tunaolala nyumba moja, tuliokunywa chai pamoja asubuhi hii hii na hakuninong'oneza neno.

"Hujambo, Mwalimu," anasema. Kama hajawahi kunifuta kamasi.

Akalieleza darasa kwamba daktari ameyatazama magoti yake akasema yanataka maji. Msusi akampisha sehemu nzuri karibu na ngazi. Mpishi akamwita mama, akamshika mkono. Mimi ndiye niliyebaki nimeganda.

Maana duniani Bibi peke yake ndiye anayejua mimi na maji hatuamkiani. Na ni yeye aliyetugombanisha. Baba alichukuliwa na mto siku ya mafuriko, mimi nikiwa tumboni. Mama akaja kuolewa mji mwingine, nikabaki wa Bibi. Nyumbani kwetu maji yana mipaka. Beseni langu lilijazwa nusu. Wenzangu wakienda mtoni mimi nafungiwa ndani na kipande cha muwa. Leo huyo huyo ananiuliza mbele ya watu, "Mwalimu, niingie kwa mguu gani?"

Sikujua. Hilo Kocha hajawahi kuulizwa. Nikasema wa kulia.

Akateremka ngazi. Maji yalipomfika tumboni akafumba macho, midomo ikawa inacheza. Sikusikia alichokisema. Nilishika ufito mpaka vidole vikafa ganzi.

Njiani kurudi nikamuuliza kwa nini hakuniumbua. Akasimama katikati ya barabara. "Nikuumbue mume wangu mbele ya watu? Kusemana ni kwetu ndani." Basi nikambebea mkoba wake wa nguo mbichi. Ulinilowesha mgongo mzima.

Jumanne, 18 Februari

Kocha amejifungua! Mtoto wa kike! Nimepiga filimbi ukumbini mpaka karani akaja kuuliza moto uko wapi.

Kwenye simu Kocha sauti imechoka, ila bado ni Kocha. Nyavu zikunjwe, zisiviringishwe. Meza za tenisi zifunikwe. Na nisisahau Kuvuka.

Kuvuka! Nilikuwa nimejisahaulisha. Somo la mwisho la bwawa mwalimu haandiki alama. Mwalimu anaingia majini, anasimama katikati, na kila mwanafunzi anamwendea peke yake, bila ufito, mpaka amguse bega. Ukimgusa umefuzu. Ndivyo Kocha alivyofanya miaka yote, na tarehe 22 Machi atakuja kutazama, mtoto mgongoni.

Sahani yangu nimeisukuma pembeni. Bibi akala cha kwake na cha kwangu. Anasema kuogelea kunaleta njaa — eti mimi hilo nitalijulia wapi.

Jumamosi, 22 Februari

Bibi ameelea.

Nilikuwa nampigia kelele Mpishi, nikageuka, nikamwona amelala juu ya maji, mikono ameitandaza, anatazama dari. Bibi yule anayeogopa hata dimbwi la mvua! Nikasahau filimbi, nikasahau u-Ticha, nikaita, "Bibi, taratibu!" Msusi akauliza, kumbe ni bibi yako? Nikajibu kila mwanafunzi wangu mzuri ni ndugu yangu.

Uongo wa haraka. Lakini mzuri ni mzuri. Nimefundisha mimi!

Alhamisi, 6 Machi

Nimejaribu. Chuo kilipofungwa nilibaki peke yangu, nikashuka ngazi mbili. Maji yakanipita vifundo vya miguu. Nikapanda. Nikashuka tena. Yakafika magotini, miguu ikageuka yenyewe, sikuituma. Nikapanda, nikakunja nyavu ambazo zilishakunjwa.

Nyumbani nikajifungia bafuni, nikatia uso ndani ya beseni. Nilipuliza mapovu mara moja tu, nikainuka nakohoa kama trekta. Kitasa chetu kibovu — Bibi amesimama mlangoni na taulo. Nikasubiri anicheke. Miaka yote ananicheka, leo ndiyo angekuwa na haki. Hakucheka.

Alichukua ndoo, akamimina. Beseni likajaa mpaka pomoni, likamwagika miguuni mwetu.

"Tena," akasema.

Jumapili, 16 Machi

Nimeyajua ya magoti.

Nilikuwa nimekaa chini namkanda kwa mafuta ya moto, kama kila Jumapili tangu aanze darasa. Mara panya akakatiza. Bibi akaruka kitini, akachukua kiatu, akampiga pale pale kwenye kona! Akarudi kukaa, akaninyooshea goti.

Nikamwambia, Bibi, goti gani hili?

Akaangalia pembeni. Kisha akasema daktari hajasema kitu. Hata hajaonana na daktari. "Siku uliyokuja na filimbi ukasema umepewa bwawa, usingizi ulinipaa. Nikukataze? Una ndevu. Nikasema basi, nikajifunze mimi. Ukitumbukia atakutoa nani? Lile kabati lako la Mpishi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ndipo akaniambia jambo ambalo sijawahi kulisikia nyumba hii. Kwamba siku ya mafuriko alikuwepo ukingoni. Kwamba aliuona mkono wa Baba ukitoka juu ya maji, si mbali, kama kutoka kitini mpaka mlangoni. Na hakujua kuingia. Na hapakuwa na hata kijiti cha kumnyooshea.

Nikachukua mafuta tena. Nikamkanda magoti yake mazima, moja baada ya jingine, mpaka yakapoa.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemwandikia Kocha: nina mafua makali, Kuvuka kuahirishwe. Nikafuta. Nikaandika: nina upele unaoambukiza. Nikafuta. Nikaandika: mimi ni dagaa. Nikafuta.

Yeye akaniandikia kwamba mtoto ameanza kutabasamu, na kesho watakuja mapema.

Bibi amenikata kucha. Za miguu. Eti mwalimu hawezi kusimama mbele za watu hivyo. Nikamwambia mguu utakuwa ndani ya maji, nani atauona? Akasema hayo maneno ameyapenda. Nimejikamatisha mwenyewe!

Jumamosi, 22 Machi

Ameniamsha alfajiri, funguo za chuo mkononi mwake. Tumefika, hakuna darasa bado. Bwawa limetulia, mabenchi makavu.

Nilidhani amekuja kufanya mazoezi. Akavaa kofia yake ya plastiki, akashuka ngazi, akaenda mpaka katikati, pale pa kusimama mwalimu. Kisha akaniambia nimpe ufito. Nikampa. Akaugeuza. Sasa kitanzi kiko upande wangu.

"Maji ukiyavulia nguo, mume wangu," akasema, hakumalizia. Fulana nimeshavua, kweli. Sijui niliivua saa ngapi.

Nimekaa ngazi ya juu, miguu ndani, daftari pajani. Nimemwambia ngoja, kuna kitu naandika, cha kazi. Anasema yeye ana siku nzima. Nimemuuliza niingie kwa mguu gani. Akacheka, na kicheko kikazunguka dari lote kikamrudia.

"Wowote. Ule wa kulia ulinidanganya."

Filimbi nimeiweka benchi. Nimeshuka ngazi tatu, daftari nimeliinua. Magotini. Miguu inatetemeka, na yeye anauona utetemekaji wote, ameshika ufito sawasawa hautikisiki hata kidogo. Nje nasikia geti. Mpishi anamkaribisha mtu, anamwambia lete nikushikie mtoto. Kocha!

Bibi hageuki kutazama. Anasema niache kuandika. Anasema mkono huo wenye kalamu, huo huo, ndio anaoutaka