Dumu Kwenye Miiba

Jumatatu, 4 Agosti
Kisimani tena kabla ya shule. Madumu mawili. Moja letu, moja la Mama Emanueli. Upepo wa mlima Hanang unakata masikio.
Mama Emanueli, jirani yetu, amejifungua mtoto mfu. Kwa mila zetu nyumba ya namna hiyo haikaribiwi mpaka wazee waseme. Hachoti maji kwenye kisima cha watu. Hapewi moto. Mume wake na Emanueli wako machimboni Mirerani, na yeye bado mdhaifu, hawezi hata kuinua dumu. Mama yangu anaingia mpaka ndani. Anampikia, anamfulia. Kijiji kizima, yeye peke yake!

Jumatano, 6 Agosti
Paskalina, ninayekaa naye dawati moja, kahamisha madaftari yake, kaenda kukaa dawati la nyuma. Darasa zima limeona.
"Mama kasema nisikuguse. Si unabeba maji ya kule?"
Watu wakacheka. Nina Kiswahili, nina Kiingereza cha shule, nina Kiiraqw cha nyumbani. Lugha tatu, na sikutoa hata neno moja.

Ijumaa, 8 Agosti
Niandike ukweli, hapa hasomi mtu. Simpendi Mama Emanueli. Mwaka juzi alipokufa mdogo wangu, nasi tukatengwa vivyo hivyo, yeye ndiye aliyeziba njia yetu ya kisimani kwa miiba. Tukanywa maji ya korongoni pamoja na ng'ombe. Alituona. Akageuza uso.
Leo nimemuuliza Mama kama amesahau.
"Sijasahau. Yale maji nayakumbuka mpaka leo."
Akaendelea kuchambua maharage. Hilo ni jibu gani? Mimi ningemwacha anywe ya korongoni.

Jumapili, 10 Agosti
Mchungaji kahubiri upendo. Kwaya imeimba mpaka wengine wakalia. Baada ya ibada Mama akashika vikombe vya chai aoshe, kama kila Jumapili. Mama Paskalina, kiongozi wa kwaya, akamnyang'anya.
"Dada, acha. Mila ni mila. Yule tunamwombea kutoka huku huku."
Huku huku! Maombi yao yanajaza mtungi? Machozi yote yale ya nini?
Mama akasema, "Sawa, dada." Basi. Nilitaka kupindua birika. Badala yake nikamwamkia Mama Paskalina shikamoo, kwa kasauti kangu kadogo. Hakuitikia. Najichukia.

Jumanne, 12 Agosti
Mama ana homa. Kanituma mimi. "Ingia ndani, mmiminie mtungini. Usiache nje."
Nimeacha nje. Pale kwenye miiba waliyomzibia njia, mwanzo wa ua wake. Nikapiga hodi moja nikakimbia.
Mama aliniuliza. Nikasema nimemimina.

Jumatano, 13 Agosti
Alilifuata mwenyewe. Nimekuta dumu limelala ubavu, maji yote yamekwenda, na kwenye vumbi alama za viganja na magoti kurudi mpaka mlangoni. Alitambaa.
Kurasa zote hizi nimetukana wanafiki. Na mimi nimo.
Nimemwambia Mama. Hakunipiga, heri angenipiga. Alianza kutafuta kanga yake aende, na homa ile. Nimemrudisha kitandani. Dumu letu lipo mlangoni, limejaa. Naenda.

Alhamisi, 14 Agosti
Jana niliingia. Moto ulikuwa umezimika. Alikuwa ameegemea ukuta, magoti yamechubuka.
"Shikamoo, mama."
"Marahaba."
Akalitazama dumu. Halafu, "Wa jana ulikuwa wewe."
"Ndiyo. Nisamehe."
Hakusema amenisamehe. Alinionyesha kwa kidole mtungi ulipo.
Nikawasha moto, nikapika uji. Akanywa nusu.
Leo nimekwenda tena. Shuleni nimechelewa, nimekaa peke yangu, kiboko nimekula. Si neno.
Asubuhi nilipofika na dumu alikuwa amelala. Nilimimina polepole, nisimwamshe.