Mafuta ya Kupaka Mpira

Kisii Mjini,
9 Machi 1953

Kwa Baba Samsam, huko ziwani Kisumu,

Salaam nyingi. Mimi ni mzima. Mvua zimeanza, na Mong'ina wa Mosocho, yule anayetukamulia mafuta ya mbarika, ameuliza utarudi lini. Nimemwambia una kazi.

Natumai ile chupa ya mbarika ilikufika, na kila asubuhi unaupaka mpira unaoziba mlango wa kasha la shaba ambamo Mzungu wako hutia kamera yake, apige picha samaki chini ya maji. Ufute mchanga kwanza. Hata unywele mmoja hupitisha maji. Wewe mwenyewe ulinifundisha.

Ulinifundisha na jingine. Siku ile tone la mafuta ya cherehani yangu lilipoangukia mpira wa akiba, kufika Ijumaa mpira huo ulikuwa umevimba kama mandazi. Ulinizaba kofi, ukasema mpira haupakwi ila mbarika.

Samsam alipofariki nilikupelekea telegramu. Ulijibu kwamba huwezi kuja kumzika mwanao, maana mpira haukosi mafuta hata siku moja. Majirani wakamzika.

Basi ile chupa, nusu tu ndiyo mbarika, ili uisikie harufu yake. Nusu ni mafuta ya cherehani.

Barua hii nimeichelewesha wiki tatu tangu nitume chupa, maji yapate kuingia kashani kwanza. Naona Mzungu ameshakufukuza. Sasa nafasi unayo. Njoo nikuonyeshe kaburi.

Mimi mkeo,
Batuli