Kilichompata Wakesho Kwenye Tangi la Samaki

Dada Mghoi,

Natumaini umeamka salama huko Voi, wewe na wote wa nyumbani, na kwamba goti la Mama limepoa. Sisi hapa Athi River tuko hai, wote wawili. Naanza na hilo ili usiruke mistari kwa wasiwasi.

Uliniuliza kwa nini siku hizi nikipiga simu nauliza habari za mvua kisha nakata. Nikisikia sauti yako ulimi unakuwa mzito. Ulinikabidhi binti yako Wakesho asomee uuguzi akiwa chini ya mjomba wake, na Jumamosi iliyopita nilikaribia kumuua.

Ni wale samaki. Sijui kama Wakesho aliwahi kukueleza. Niliachiwa na mwenzangu wa meza ya kukata vitambaa alipoacha kazi. Huitwa samaki wa mpunga, wadogo kuliko kidole, rangi ya chungwa, wapole kabisa. Jike hubeba mayai chini ya tumbo kama kishada, kisha huyabandika kwenye majani. Nikitoka kiwandani masikio yakiwa yamejaa kelele za mashine, nilikuwa nakaa mbele ya tangi natulia. Wakesho naye aliwapenda. Kazi yake ilikuwa kuyatoa majani yenye mayai na kuyaweka kwenye bakuli, maana samaki wakubwa huyala.

Baridi ya mwezi huu ikaja, na sisi watu wa Voi unatujua. Nikawahurumia. Mzee anayeuza samaki wa mapambo aliniambia wazi, "Hawa huvumilia baridi. Waache hivyo hivyo." Sikumsikiza. Nikanunua hita, ile ya kioo inayozamishwa majini.

Asubuhi hiyo nilikuwa nabadilisha maji. Niliitoa hita ikiwa bado na moto, nikairudisha kwenye maji baridi. Ikalia "tik". Niliitazama, sikuona ufa, nikaichomeka kwenye soketi. Kisha nikatoka nje kumwaga maji machafu.

Niliporudi mlangoni Wakesho alikuwa miguu mitupu kwenye sakafu niliyoilowesha mimi, mkono mmoja ndani ya tangi kwenye majani ya mayai, wa pili umeshika meza ya chuma. Hakupiga kelele. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, meno yamekazana, macho yananitazama. Nikaunyoosha mkono nimvute.

"Wewe! Usimguse! Zima stima kwanza!"

Alikuwa Mama Mwende, jirani yetu, aliyekuwa akianika nguo uani. Nikasimama. Dada, hilo ndilo linalonitesa. Niliurudisha mkono wangu, nikampa mwanao kisogo, nikakimbilia swichi kubwa iliyo barazani. Ni hatua sita tu, lakini mpaka leo nahisi sijafika. Nilipoizima nikasikia akianguka.

Niliporudi ndani, Mama Mwende alikuwa ameshamlaza chali. "Ngai wakwa, Mungu wangu, anapumua," akasema. "Tafuta gari, usinisimamie hapa!"

Hospitalini walimbandika nyaya kifuani kupima moyo, wakamlaza hadi kesho yake. Mimi nilikaa kwenye benchi nikiwaza nitakuambia nini. Kila daktari aliyepita na karatasi, nilisimama. Mwishowe mmoja akaja akasema moyo unapiga sawasawa, ila vidole viwili vimeungua na ganzi huenda ikachukua wiki kadhaa kuisha. Amerudi chuoni tangu jana. Mimi ndiye sijarudi sawa. Sasa naogopa hata kuchomeka pasi, na akichelewa bafuni nabisha mlango.

Samaki hakufa hata mmoja. Tuliporudi nyumbani nikawakuta wanaogelea, nikashikwa na hasira nikatafuta ndoo niwamwage. Wakesho akanizuia. "Mjomba, wao wamekosa nini?" Nikaiweka ndoo chini. Hita, iliyokuwa na ufa nisiouona uliopitisha stima majini, nimeivunja nikaitupa, na baridi hawaijali, kama mzee alivyosema.

Aliniomba nisikuambie. Anaogopa utamwita nyumbani aache masomo. Lakini yeye ni wako kabla ya kuwa mpwa wangu. Ukisema arudi, nitamleta mwenyewe nisimame mbele yako na mbele ya Shemeji. Ukisema abaki, nitamtunza, ingawa sijui kama bado nina haki ya kukuahidi hivyo.

Mama usimsomee kabla ya kumkalisha chini, moyo wake si wa kushtuliwa. Msalimie sana. Msalimie Shemeji, na shangazi yetu Mkawasi anayetuombea kila Jumapili. Mwambie safari hii maombi yalifika.

Kabla sijaifunga barua nimempa Wakesho aisome. Nilitaka kukata ile sehemu niliyokuambia kwamba nilimpa kisogo, akaishika kalamu.

"Hapo usifute," akasema. "Ndipo uliponiokoa. Mama yangu aisome."

Nimeiacha.

Ndugu yako mdogo, anayengoja neno lako kwa hofu,

Mwakio