Mgao Wangu wa Umeme

Jumatatu, 6 Februari 1995
Uji. Vidonge. Saa nne asubuhi na taa ya chumbani inawaka. Nje jua la hapa Kipawa, jirani na uwanja wa ndege, linakausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Humu ndani usiku. Mwanangu Elia ameleta kiyoyozi cha Dubai, akashusha pazia zito na kukataza dirisha lisifunguliwe. Mimi, niliyechora madirisha ya shule na zahanati hadi nilipostaafu! Nitakufa kama nyanya ndani ya friji. Sitaki. Nataka kufa dirisha likiwa wazi.

Jumanne, 7 Februari
Mgao. Umeme umekatika mchana. Rehema, mke wa Elia, akafungua madirisha yote. Upepo ukapita hadi jikoni. Nimepumua kama mtu. Jioni umeme ukarudi, wakafunga. Nimenuna.

Alhamisi, 9 Februari
Nakiri hapa, maana sina muda mrefu. Swichi kubwa iko koridoni, karibu na mlango wangu. Fimbo yangu inaifikia. Elia alipokwenda kazini nimeishusha.
"Mgao tena?" Rehema akapiga kelele. "Hawa watu wana laana!"
Madirisha wazi. Usingizi mtamu. Jioni nimeipandisha. Aibu sina.

Jumamosi, 11 Februari
Nimerudia jana na leo. Nimeharibu. Barafu anazouza Rehema zimeyeyuka zote. Amemwaga ndoo nzima uani. Angetukana ningepata nafuu. Kisha Elia akatangaza: Jumatatu anakwenda Kariakoo kununua jenereta. Ataiweka chini ya dirisha langu, na kwa sababu ya moshi halitafunguliwa tena. Mzee mjinga mimi.

Jumapili, 12 Februari
Walipotoka kanisani nimewaita, nimesema yote.
"Baba! Barafu zangu!" Rehema akashika kiuno. "Ungekuwa mtoto ningekuchapa."
"Nichape, mama. Lakini fungua dirisha kwanza."
Akacheka mpaka akakaa kitandani. Elia hakucheka.
"Na kelele za ndege, baba?"
"Baba yako hasikii hata akiitwa kula," Rehema akamjibu. "Hicho kiyoyozi kinatumalizia umeme. Kiuze. Jenereta sitaki. Ninunulie friji la pili."
Elia amekubali kwa uso wa mtu aliyeng'olewa jino. Nimewaelekeza: asubuhi fungeni pazia upande unaopigwa na jua, fungueni upande wa kivulini, na mlango wa koridoni uwe wazi upepo upite. Ukuta wa uani upakeni chokaa, utaleta mwanga jikoni. Nimeongea sana. Nimekohoa sana.

Jumanne, 14 Februari
Sijaweza kuinuka. Rehema ameingia alfajiri bila kuitwa, akafungua dirisha, akakaa pale na ungo wake kuchambua mchele. Hakuwasha taa. Kulipopambazuka vizuri akaniangalia muda mrefu.
"Baba, umekonda."
Nikamwambia ndiyo kazi ya mwanga, kuonyesha.
Ameweka ungo chini, amesogeza kiti karibu nami.