Sigara ya Umeme Ndani ya Sponji

Bwana wee, nimetoka kumfukuza shemeji kwenye karakana yetu ya makochi sasa hivi.

Kanunua sigara ya umeme, hata kuichaji hajui. Kaichomeka kwenye chaja kubwa ya simu, halafu kaifukia kwenye sponji za makochi. Kwenye sponji! Na mke wangu anashona hapo hapo.

Nimesikia harufu, nikazima swichi. Betri imevimba, sponji imeanza kuyeyuka. Nimeitoa nje kwa koleo.

Namuuliza, "Una akili wewe?"
"Shem, niliificha dada asiione."

Dada asiione.

Nimemwambia hiyo iliyovimba asiichaji tena; akinunua nyingine aichaji kwa waya wake, kwenye sakafu tupu, akiitazama, ikijaa achomoe.

Sasa mke wangu kanuna, eti nimemwonea mdogo wake. Naenda kumwonyesha mke wangu sponji iliyoyeyuka, ile aliyokuwa ameiegemea akishona.