Kamba za Bi Esha

Kunduchi, Dar es Salaam

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mwanao Zuhura aliniambia siku hizi unapanda ngazi za zahanati kwa kushika ukuta, nikaumia. Na yeye mwenyewe mimba imefika mwezi wa ngapi? Mwambie mtoto akiwa wa kiume asihangaike kutafuta jina, langu mie mjomba wake lipo. Sie huku tunapumua. Mama Rukia mzima, mie mzima, ila usingizi umenikimbia, na kilichoufukuza ndicho kilichonishikisha kalamu. Kwenye simu ulimi wangu unateleza, unanijua. Karatasi hainichekei.

Najua huko wakisema "maneno ya Hashimu gawa kwa mbili," wewe ndiye uliyeanzisha. Sikukasirika. Hata yule papa niliyemvuta kwa mkono mmoja alikuwa mdogo kuliko nilivyokuandikia. Lakini chaza wangu, dada, wale hawakuhitaji chumvi. Nilipoanza kuwaning'iniza kwenye kamba nyuma ya mikoko, walinenepa mpaka watu wa hoteli wakawa wanamfuata Mama Rukia na sahani mkononi. Ganda la mmoja nilitilia maji ya kunyolea ndevu. Haya, gawa. Wavuvi wakaniita Injinia, nami nikaitika. Darasa la tano lenyewe sikumaliza, ila ujuzi ule niliutoa kichwani mwangu: nachambua salfeti, ile mifuko ya mchele yenye mstari wa buluu, nasokota nyuzi zake kuwa kamba, nafunga chaza. Haiozi wala hainunuliwi dukani. Ndipo nikafunga robota zima la salfeti nikakutumia kwa basi mpaka Lindi, na maneno juu yake: zitupeni hizo kamba zenu za makumbi ya nazi mnazofungia chaza, hayo mambo ya mabibi.

Mkanisikiliza. Wote, isipokuwa Bi Esha.

Huku kwangu mambo yaliharibika mvua zilizopita. Chaza wakaanza kuachama. Asubuhi unawakuta midomo wazi, nyama imelegea kama mlenda, harufu inatangulia kufika nyumbani. Nikasema ni hoteli. Nikasema ni mifereji ya Tegeta, inayoshusha chupa na malapa kila mvua ikinyesha. Nilisema mnadani pale, mbele ya watu, nikaapa.

Baadaye akaja mtafiti mmoja, dada wa watu kutoka Bukoba, jina lake Neema, hata kuogelea hajui. Akatafuta mwenyeji wa kumpeleka kwenye chaza, akaonyeshwa mie. Alikuwa anawapasua na kuwatazama kwa hadubini kwenye kibanda cha wauza samaki. Siku moja akaniambia, "Mzee Hashimu, tumboni mwa chaza mnaishi vijidudu vingi, na vingi vyake ni vizuri. Vinamsaidia kusaga chakula na kumlinda na maradhi. Hata wewe unavyo."

"Mie sina," nikamjibu. "Mie nakunywa tangawizi."

Akacheka. "Unavyo, baba, na ndiyo maana uko hai. Sasa chaza kutwa anachuja maji. Plastiki ikiliwa na jua na chumvi inakuwa vumbi, jingine laini hata chombo hiki hakilioni. Analimeza. Likikaa tumboni vile vijidudu vizuri vinapungua, vibaya vinapata pa kushikilia. Nyumba wenyewe wakihama, si wezi wanaingia? Njoo uone."

Nikainama. Nyuzi, dada. Nyembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga, na za buluu.

"Rangi hii unaijua?"

"Ya hotelini," nikasema. "Miavuli yao hiyo."

Akafungua daftari akaandika. Aliandika uongo wangu kwa mwandiko mzuri kabisa.

Wiki hiyohiyo Zuhura akanipigia. Akasema chaza wenu nao wanaachama, kamba baada ya kamba, ila wa Bi Esha, kule ng'ambo ya kijito, wamenona tu. Kwamba wanawake mmekaa kikao mkasema amewafunga chaza wa wenzake kwa dawa. Kwamba kisimani watoto wanaambiwa wasimtwike ndoo. Kwamba mlango wake umepakwa kinyesi, na kikao kimempa mpaka mwezi uandame awe ameshahama. Na mwenyekiti wa kikao ni wewe, dada yangu.

Nikamuuliza, "Zuhura, kamba zake Bi Esha ni za nini?"

"Za makumbi, mjomba. Salfeti zako alizikataa, alisema zinamwasha mikono."

Simu ilipokatika nikaenda kufungua salfeti zangu, nikatazama mistari yake ya buluu.

Kesho yake nikabeba salfeti zilizobaki nikampelekea Neema. "Ile miavuli nilikudanganya," nikamwambia. Hakunicheka, na afadhali angenicheka. Akaweka uzi wangu karibu na ule wa tumboni. Ndugu wa damu. Nikamuuliza kama hii ndiyo inayoua. Akasema hawezi kuapa. Huku takataka ni za kila namna, huwezi kumkamata mwizi mmoja. Lakini dada, huko kwenu hakuna hoteli, wala mfereji wa Tegeta. Huko takataka niliileta mie, kwa basi, na nauli ya mzigo nikalipa.

Kateni kamba zote za salfeti. Okoteni kila kipande kilichonasa kwenye mikoko, mkipandishe nchi kavu mbali na maji, wala msichome. Chaza aliyeachama asiliwe. Vumbi lililokwisha kuingia kwenye tope halichoteki, Neema kaniambia hivyo bila kunizungusha. Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba chaza watarudi. Wangu hawajarudi. Mama Rukia sasa anauza maandazi, na mie wavuvi wananiita Injinia bado, ila wanaitana kwanza wacheke pamoja, ndipo wananiita.

Ninachokuomba ni kimoja. Itisha kikao kabla mwezi haujaandama, Bi Esha awepo, barua hii Zuhura aisome kwa sauti. Nakujua, utataka aruke jina langu. Asiruke. Kisha wewe mwenyewe, na goti lako hilohilo, uende ukauoshe ule mlango, ndipo umwombe Bi Esha awafundishe wasichana kufukia makumbi topeni yalainike, na kusokota kamba.

Nisalimie shemeji, mwambie nimesikia kwamba kikohozi kimempungua. Nisalimie Maalimu aliyetusomesha, aniombee. Bi Esha usinisalimie. Salamu zake nitazileta mwenyewe, nikipata uso wa kumtazama.

Mengine yote niliyowahi kukuandikia, dada, gawa kwa mbili. Hili lichukue zima.

Ni mie mdogo wako,
Hashimu, mwenye salfeti